Sauti Tatu za Papa Aubin

Ilikuwa 2012, ule mwaka waasi waliingia Goma. Hapana, munisamehe, ninachanganya. 2012 waliingia vilevile, lakini walikaa siku za kuhesabu, wakatoka. Hii ninayotaka kuandika ni ya 2025, walipoingia mwezi wa kwanza, na leo ninapoandika bado wako hapa. Mutu wa Goma akikosea mwaka musimucheke. Miaka yetu inafanana. 1977 moto wa mulima wa volkano, 1994 wakimbizi, 1996 vita, 1998 vita, 2002 moto tena, 2012 vita, 2021 moto, 2025 vita. Mama akizaa mutoto katika mwaka uliotulia, anashindwa kukumbuka tarehe.

Mimi ni Havugimana. Nilisoma mpaka mwaka wa nne kwa mapadri huko Rutshuru, nikaona imetosha, nao wakaona vile. Sasa nimezeeka, na watoto wangu wamenigawana: majuma mawili niko Keshero kwa binti yangu Uwizeye, majuma mawili Katindo kwa kijana wangu Théogène, na kati ya hapo ninatembea. Siendi mahali. Ninatembea tu, ninasalimia watu, ninaketi wanaponiwekea kiti. Ndivyo nilivyomujua Papa Aubin, na ndiye ninataka kumuandika, mbele watu hawajamusahau, ao hawajamusema vibaya kupita anavyostahili.

Papa Aubin ni mutu wa upande wa Bukavu, Mukatoliki wa misa ya kwanza, mwembamba, wa koti moja la rangi ya majivu. Kazi ilimuleta Goma zamani: alikuwa anapiga mashini ya kuandika katika biro moja ya serikali. Serikali iliacha kumulipa, lakini yeye aliendelea kwenda miaka miwili mizima. Nilipomuuliza sababu, alinijibu, "Muzee, lazima kuwe mutu wa kufungua madirisha." Mashini ilipoibiwa ndipo alibaki nyumbani, na nyumbani bibi yake Léonie hakuwa na haja na mutu wa kufungua madirisha.

Basi akaanza kazi ya pili, ile iliyomufanya ajulikane. Alikuwa na radio mbili ndogo, moja katika kila mufuko wa koti. Mapema asubuhi alizisikiliza zote mbili, Kifaransa, Kiswahili, Lingala, na Kinyarwanda alichojifunza kwa majirani. Saa moja alikuwa sokoni Kituku, pale kando ya ziwa ambapo boti za Minova na Idjwi zinashusha watu na mizigo. Aligeuza kreti ya bia, akapanda juu yake, na wanawake wa soko wakamukaribia na mabeseni yao. Wale hawana nafasi ya kusikiliza radio, na Kifaransa cha radio kinakimbia kama mwizi. Yeye alikuwa anawakamatia. Hawakumulipa franka. Walimupa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, ndani ya jani, viazi vitamu viwili, kitunguu. Léonie alikuwa anasema, "Wenzangu bwana zao wanaleta mushahara. Wangu analeta viazi vitamu na habari mbaya."

Alikuwa na sheria yake. Kila habari ilipaswa kupita katika sauti tatu.

"Radio ya huku inasema wamesukuma adui kilometa kumi," alikuwa anasema. "Radio ya kule inasema wamesukuma adui kilometa kumi. Kwa hiyo kuna kilometa makumi mawili ambazo hakuna mutu anajua ziko wapi. Sasa tuulize godoro."

Godoro ndilo lilikuwa sauti ya tatu. Aligeuka juu ya kreti, akatazama boti zinazofika. Wanawake wakishuka na kuku na mihogo, ni soko, kumetulia. Wakishuka na magodoro juu ya kichwa, ni vita, hata radio zote mbili ziimbe zaburi. "Godoro halina chama," alikuwa anatufundisha. "Mudomo unaweza kudanganya. Lakini hakuna mutu anabeba godoro kwa uongo." Habari isiyokuwa na radio ya kuitaja, wala godoro la kuishuhudia, hakuisema. Ukimuletea uvumi wa barabarani, alikuuliza tu, "Kwa radio gani?" Ukikosa jibu, alikupungia mukono kama mutu anayefukuza nzi.

Mwezi ule wa kwanza wa 2025, radio ya kule, ile ya serikali ya Kinshasa, iliapa kwamba muji uko salama. Magodoro yalikuwa yanashuka Kituku asubuhi mpaka jioni, mengine yamelowa. Papa Aubin alitazama, akashuka kwenye kreti, akasema, "Mama zangu, leo mukanunue unga." Waliomusikia walikula juma lile. Wengine walikaa na njaa, maana vita ilifika, na kisha vita kulikuwa muji bila maji, bila umeme, bila benki, na maiti barabarani ambazo watu wa Musalaba Mwekundu waliokota siku nyingi. Sitaandika zaidi juu ya zile siku. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo watafikiri ninaongeza.

Kisha muji ukapata wenyewe wapya. Papa Aubin alirudi juu ya kreti yake kama vile alivyokuwa anarudi biro. Asubuhi moja kijana mwenye bunduki alisimama nyuma ya wanawake, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Muzee, hii ni siasa."

"Hapana, kijana wangu," Papa Aubin akajibu. "Ni mupira."

Toka siku ile ikawa mupira kweli. Alitangaza vita kama mechi. Wageni wamepata kona. Wenyeji wamebadilisha kocha, lakini viatu ni vilevile vya mwaka jana. Mwamuzi ameenda kunywa chai hotelini, ng'ambo, kwenye kapeti, na filimbi amebaki nayo. "Sijaona mechi kama hii," alikuwa anasema. "Watazamaji ndio wanakufa, wachezaji ndio wanapigwa picha." Wanawake walicheka wakishika mabeseni yasianguke. Kijana wa bunduki alirudi mara mbili, tatu. Mara ya mwisho yeye naye aliuliza, "Na sisi tunaongoza ngapi?"

Kati ya waliosikiliza kila siku kulikuwa Dative, muuza avoka. Huyu nilimujua vizuri juu alikuwa jirani ya binti yangu. Bwana yake, Habiyaremye, alikuwa koplo katika kambi ya Katindo, lakini si koplo wa kupiga risasi. Alikuwa mupishi. Siku jeshi lilipokimbia, aliacha sufuria ya maharagi juu ya moto, akaenda na wengine kutafuta boti. Watu waliiona sufuria kesho yake, maharagi yameshikamana chini, mwiko umesimama ndani kama bendera. Dative alichukua ule mwiko. Ulikuwa mukubwa, wa chuma, wa kulisha watu mia. Familia za askari zilipotoka kambini, yeye alikuja Keshero na mabinti wake wawili na mwiko, wakapanga chumba cha mbao nyuma ya nyumba ya Uwizeye. Habari ya Habiyaremye haikuja. Hakuna simu, hakuna barua, hakuna aliyemuona amekufa, hakuna aliyemuona muzima.

Kila asubuhi Papa Aubin alipomaliza mechi yake, Dative aliinua sauti kutoka nyuma: "Na wapishi, Papa Aubin?"

"Wapishi hawatajwi, mama. Lakini radio inasema jeshi lingali linasimama, na jeshi halisimami bila kula. Kwa hiyo wapishi wako."

Olive, muuza samaki mwenye mudomo mukali, alikuwa anaongeza lake: "Dative, ungeolewa na mwenye pesa! Angelipa wanamuziki wa Kinshasa waite jina lake ndani ya wimbo, tungejua yuko wapi. Nani ataimba jina la mutu wa maharagi?"

Walicheka wote, na Dative pia. Hivyo ndivyo siku zilipita, mwezi wa pili, wa tatu, wa nne. Lakini mimi nilikuwa ninamuona jioni nyuma ya nyumba. Alikuwa anapikia watoto chakula, na yeye anakunywa maji.

Mwezi wa tano shemeji yake, Habarurema, alishuka kutoka Rutshuru. Ni mukubwa wa Habiyaremye, mulimaji, mutu wa kanisa, si mutu mubaya. Aliketi kwa Uwizeye, akaongea mbele yangu ili kuwe shahidi.

"Dative, miezi minne. Mama yetu hapati usingizi. Mutu asiyezikwa hatulii, na walio hai hawatulii. Tutazika mugomba."

Kwa wasiojua: mutu akipotelea mbali na mwili haupatikani, sisi wengine wa Rutshuru tunakata shina la mugomba, tunalifunga katika shuka, tunalilia, tunalizika mahali pake. Kisha pale yule mutu amekufa. Hata akirudi, kwanza anaogopwa. Na bibi yake ni mujane, na watoto wanaenda kwa ukoo.

"Na mabinti?" Dative akauliza.

"Mabinti ni wetu. Watakula, watasoma. Hapa unawalisha nini? Avoka?"

"Mimi sizike mutu ambaye labda iko anapumua."

"Basi lete habari yake," Habarurema akasema bila hasira. "Neno moja tu. Mutu amuone, radio imutaje, chochote. Tunangoja mpaka mwisho wa mwezi wa sita."

Mwisho wa mwezi wa sita ulifika. Ijumaa ile ilikuwa siku ambayo wakubwa walikuwa wanangojewa Washington kusaini karatasi ya amani kati ya nchi yetu na nchi jirani. Papa Aubin alisimama juu ya kreti, koti limefungwa vifungo vyote.

"Leo ni fainali, mama zangu! Radio ya huku inasema ile karatasi si yetu, haituhusu. Radio ya kule inasema ile karatasi ni ya sisi wote. Meza ni mupya, kalamu ni mupya, viti vina mito. Uwanja tu ndio ule ule."

"Na godoro?" Olive akapiga kelele.

Papa Aubin aligeuka kutazama ziwa, akahesabu na kidole. "Manane. Na hii ni boti ya kwanza."

"Basi amani imefika," Olive akasema. "Imekuja na kitanda chake."

Kicheko kilikuwa hakijaisha wakati Dative alipita kati ya watu mpaka mbele. Hakuwa na beseni. Siku ile hakuleta avoka.

"Papa Aubin, leo usinitanie. Kesho nikimaliza salongo yao, ile kazi ya kufagia barabara, ninapanda gari na watoto kwenda Rutshuru kuzika mugomba. Wakiuzika, mimi sina bwana tena, sina watoto. Wewe unasikia radio zote. Nipe neno moja."

Olive aliweka beseni lake chini. Papa Aubin alimutazama. Kisha akashuka. Sikuwa nimemuona akitoa habari akiwa chini, kwenye matope, sawa na watu wengine.

"Habiyaremye yuko Kisangani," akamuambia. "Yuko muzima. Wapishi wa Katindo wako kule pamoja. Radio imetaja."

Hakusema mupira. Hakusema radio ya huku ao ya kule. Hakutazama boti.

Dative alifunika mudomo na mikono yote miwili. Kisha akanigeukia mimi, juu mimi ndimi nilikuwa muzee pale, na mutu wa kwao. "Muzee Havugimana, umesikia? Ni kweli?"

Mimi nilikuwa nimesikia. Nilikuwa nimesikia na yale ambayo hayakusemwa. Radio gani katika hii dunia inataja jina la mupishi? Lakini nilimuona vile shingo yake ilikonda, nikawaza mabinti, nikawaza kesho. Nikasema, "Papa Aubin hajatudanganya hata siku moja."

Ilikuwa kweli, na ubaya wake ni pale.

Jumamosi mugomba haukuzikwa. Dative alimupigia shemeji yake simu, Habarurema akamushukuru Mungu, akalia. Mimi na Papa Aubin tulifikiri imeisha hapo: mwanamke atakula, watoto watabaki, na miezi itapita mpaka habari ya kweli ifike yenyewe. Wanaume tunapotoa neno la kutuliza tunafikiri litaketi pale tuliliweka. Hatukuwaza kwamba mutu akiambiwa bwana yake yuko mahali, ataenda.

Jumatatu aliuza vitu vya chumba, akawaacha mabinti kwa Uwizeye, akaja kuniaga na mwiko umefungwa mugongoni kwa kitenge kama mutoto muchanga.

"Dative, Kisangani ni mbali. Ndege hakuna. Utapita Uganda, urudie Kongo kwa Kasindi, Beni, kisha ile barabara ya pori. Unajua vile wanaua watu katika ile barabara."

"Muzee, kama yeye alifika, njia iko."

"Mwiko wa nini?"

"Wa kazi yake. Watamupa kazi bila mwiko?"

Nilimusindikiza mpaka pahali pa magari ya Rutshuru. Njia nzima nilikuwa na nafasi ya kusema, "Rudi, ilikuwa neno la huruma." Ni saa nzima kwa miguu ya muzee. Nilisema tu achunge karatasi zake, na asikunywe maji yasiyochemshwa.

Juma moja na nusu kisha, sauti yake iliingia katika telefoni ya Olive. Tuliisikiliza sokoni, telefoni juu ya beseni la samaki. "Mama Olive, niko Beni. Mwiko umenisumbua sana, kila kizuizi wananiuliza hii ni silaha ya namna gani. Kesho tunapanda lori. Muambieni Papa Aubin aksanti. Muambieni nitamusalimia bwana yangu kwa jina lake." Olive aliirudisha mara mbili. Papa Aubin alisikiliza kichwa chini, akaomba asirudishe mara ya tatu.

Siku nne kisha alipanda juu ya kreti, akaanza vizuri.

"Radio ya kule inasema malori mawili yamechomwa katika ile barabara ya pori kutoka Beni. Radio ya huku..."

Akasimama hapo. Olive alikuwa amekwisha kuanza kupiga namba ya Dative. Alipiga, akapiga. Papa Aubin aligeuka kutazama ziwa, kwa mazoea tu. Boti zilikuwa zinaleta kuku na mihogo, asubuhi nzuri, ziwa limelala. Godoro la Kituku halijui chochote juu ya barabara ya Beni. Alishuka, akasema, "Leo habari hakuna," akachukua kreti chini ya kwapa, akaenda. Hakurudi tena Kituku.

Dative hakupatikana. Namba haikuita. Tuliuliza madereva, tuliuliza parokia, kijana wangu Théogène aliandika jina lake kwenye yale makundi ya telefoni ambako vijana wanatumiana dansi na picha za kuchekesha za wakubwa. Kati ya dansi mbili, jina lake lilikaa nusu siku, kisha likapanda juu, likapotea.

Mwezi wa tisa Habarurema alikuja, hakuuliza tena mutu. Walizika migomba miwili, Rutshuru, katika shamba lao, mumoja murefu na mumoja mufupi. Nilikuwepo. Nilitupa udongo juu ya yote miwili. Mabinti walibaki kule.

Sasa nifike pale panapouma. Mwezi wa kumi na moja, Olive alinitafuta mpaka Katindo, anapumua kama aliyefukuzwa. Telefoni ilikuwa wazi mukononi. "Muzee, ongea wewe. Mimi siwezi."

Nikaweka sikio. Sauti ya mwanaume, ya pole, ya mbali. "Ni nani? Mimi ni Habiyaremye. Niko Kisangani. Nimepewa hii namba na mutu wa Kituku niliyemukuta hapa. Ninamutafuta bibi yangu."

Nilikaa chini, barabarani, kwenye mawe yetu meusi.

"Mwanangu," nikamuambia, "bibi yako alikufuata."

"Alinifuata wapi?"

"Huko. Kisangani. Mwezi wa saba."

Akahesabu miezi kwa sauti ndogo. Kisha akasema, "Mimi nilifika huku mwezi wa tatu. Telefoni yangu ilibaki ndani ya ziwa na namba zote. Sikutuma ujumbe kwa mutu. Nani alimuambia niko huku?"

Nilimurudishia Olive telefoni.

Kutoka pale mpaka kwa Papa Aubin ni hatua chache. Léonie alikuwa mulangoni anapepeta maharagi. "Ingia, muzee. Labda wewe atakuongelesha. Kwangu anasema asubuhi njema na usiku mwema, kama bendera ya serikali, kupanda na kushuka." Alikuwa ameketi karibu ya dirisha, dirisha limefungwa. Koti lilikuwa kwenye musumari, mifuko imelala. Radio zilikuwa juu ya kabati pembeni ya Bikira Maria, betri zimetolewa, zimepangwa mbele yake nne kwa nne.

Nilimuambia yote. Kwamba Habiyaremye ni muzima. Kwamba yuko Kisangani, anapika. Kwamba alikuwa kule toka mwezi wa tatu, ile Ijumaa ya mwezi wa sita alikuwa kule kabisa. Nilifikiri atalia, ao atafurahi, sijui. Alifungua dirisha, akatazama nje, akalifunga tena.

Wengine wanasema alibahatisha tu, juu kila mutu alijua askari waliokimbia walipelekwa upande ule. Olive anasema alidanganya na Mungu akamufanyizia mubaya kwa kugeuza uongo wake ukweli. Mimi sijui. Mimi nilitoa ushahidi juu ya neno lake, na kuna mwanamke aliyetembea juu ya ushahidi wangu. Kwa hiyo nilimuuliza siku ile, nikamuuliza tena siku ya Noeli, na juzi nilipopita nilimuuliza mara nyingine, polepole, kama yeye mwenyewe alivyotufundisha kuuliza: Papa Aubin, ile habari ya Habiyaremye, uliisikia kwa radio gani?